Bi Mwaija na Sinia la Tisa la Ras Shungi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mvua iliyoanza jana magharibi imekatika sasa hivi, na majani ya uwanja wa gofu wa Hoteli ya Ras Shungi yamelala chini kwa kulowa. Mwanamke aliyejifunga khanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani, anavua ndara zake, anaziweka kando, kisha anaingia peku juu ya duara la mchanga mweusi. Anatembea taratibu, kisigino kwanza, vidole baadaye. Anasimama. Anarudi nyuma hatua moja na kukanyaga tena pale pale.

Anatafuta maji.

"Hapa hakuna," anasema peke yake. "Na hapa hakuna."

Jina lake ni Mwaija binti Mwinyijuma, mzaliwa wa Bagamoyo, umri wake miaka arobaini na mitatu. Kwa miaka sita amekuwa kibarua katika uwanja huu ulioko ufukweni, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kusini mwa mji wa Bagamoyo. Leo, Jumamosi ya kwanza ya masika ya mwaka huu wa 1974, ndiyo siku yake ya mtihani. Mchanga huu ukikutwa umeshika maji, kibarua kimeota nyasi. Usiposhika, barua ya ajira ya kudumu imo tayari kwenye mtoto wa meza ya meneja, haijatiwa saini.

Kwa wasomaji ambao gofu wanaisikia tu redioni: mchezaji hupiga kijipira kwa fimbo ya chuma, akakifuata mpaka kizame katika shimo dogo, kisha akaanza upya kuelekea shimo jingine. Kwingineko mashimo hayo huzungukwa na majani laini. Ras Shungi upepo wa chumvi uliyaua majani hayo mwaka wa kwanza tu. Ndipo yakatengenezwa maduara ya mchanga uliochekechwa na kuchanganywa na oili chafu ya magari, usije ukapeperushwa. Wafanyakazi wanayaita masinia, na ukiyatazama hutawauliza kwa nini.

Masinia yako tisa. La tisa liko peke yake ukingoni mwa hori, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, jirani kabisa na safu ya maduka ambako wageni wa likizo hununua khanga, mikoba ya ukili, vinyago na kofia za jua. Ni sinia hilo Bi Mwaija analolikanyaga asubuhi hii.

Ufundi wake haukuanzia kwenye gofu. Umeanzia Nunge, Bagamoyo, kwenye majaruba ya chumvi, vitalu vya kukaushia maji ya bahari, alikopelekwa na mama yake akiwa na miaka kumi. Jaruba la chumvi linataka sakafu iliyo sawasawa. Likiinama upande mmoja, maji hukimbilia huko na chumvi hutoka nene hapa, nyembamba kule. Mama yake, Bi Tatu, hakuwa na pimamaji wala kamba. Alikuwa na nyayo.

"Mama alinifunga kitambaa machoni," anasimulia Bi Mwaija. "Ananiambia, 'Haya, pita, niambie wapi pameinuka.' Nikikosea narudia. Nilichukia kweli! Wenzangu wanacheza mdako, mimi natembezwa kama kipofu. Lakini mpaka leo jicho hunidanganya, hasa jua likiwa kali. Unyayo unaniambia kweli."

Hoteli ilipofungua uwanja mwaka 1968, iliajiri wanawake kumi na wawili kuchekecha mchanga, kwa shilingi sita kwa siku. Siku ya mvua hakuna kazi na hakuna shilingi. Msimu wa kupanda mpunga ulipofika, wengi walirudi mashambani kwao, na baada ya mwaka wa pili akabaki yeye tu. Alibaki, anasema, kwa sababu aliwaona mafundi wakihangaika na vifaa vyao juu ya mchanga huku yeye akijua kosa liko wapi, na hakuna aliyemuuliza.

Mwaka 1972 aliulizwa. Bamvua, yale maji makubwa ya bahari, lilivunja sinia la tisa, msimamizi wa siku hizo alikuwa safarini, na kazi ikaangukia mikononi mwake. Bi Mwaija alifanya alichofundishwa tangu utotoni. Alisawazisha mchanga ukalala kama meza, kisha akauzungushia kituta kidogo, kizuri, kilichoshindiliwa kwa mikono. Alipomaliza alikaa pembeni akalitazama sinia lake kwa raha.

Alikuwa ametengeneza jaruba.

Bamvua lililofuata liliruka kituta, likaingia ndani, na kwa kuwa kituta kilijengwa na fundi, maji hayakupata pa kutokea. Yalikaa. Jua la Januari likayapiga siku tano. Siku ya sita alikuja kucheza Daktari Mikidadi, tabibu wa Dar es Salaam ambaye huja hapa na familia yake kila mwaka kupumzika. Akakuta duara jeupe linalometameta. Aliinama, akachovya kidole, akaonja.

"Nilimwita mke wangu aliyekuwa dukani," anakumbuka daktari huyo huku akicheka. "Nikamwambia, Mina, acha hizo khanga, njoo ununue chumvi!"

Hoteli nzima ilicheka. Wapishi walimletea Bi Mwaija bakuli tupu, wakamwomba chumvi ya mchuzi. Alisimamishwa kazi wiki mbili, na sinia la tisa likafungwa. Tangu siku hiyo wageni wakawa wanacheza mashimo manane, kisha wanalirudia la kwanza ili hesabu itimie.

"Nilitamani ardhi ipasuke nizame," anasema. "Si kwa sababu ya kusimamishwa. Ni kwa sababu kazi ile ilikuwa nzuri. Ungeipeleka Nunge ungepewa zawadi. Ilikuwa nzuri mahali pasipo pake."

Wiki hizo mbili hakukaa bure. Alikwenda Nunge, akaketi na mama yake kandokando ya majaruba, akamweleza yote. Bi Tatu alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: kwani hao wenye gofu, maji wanayataka au hawayataki?

"Hapo nikaelewa," anasema Bi Mwaija. "Chumvi inataka maji yalale. Gofu inataka maji yapite. Mimi nilikuwa nimewatandikia maji kitanda."

Aliporudi kazini alianza kujifunza upya, sinia moja baada ya jingine, kwa masinia manane yaliyobaki. Kila mvua iliponyesha alikuja kuangalia maji yanaelekea wapi, ingawa siku hizo halipwi. Akajua mwinamo wa vidole viwili unatosha. Ukizidi, kijipira kinakimbia. Ukipungua, maji yanalala.

Mwaka jana hoteli ilipata meneja mpya, Ndugu Mohamedi, mtu wa Tanga, mpole wa sauti na mgumu wa maamuzi. Maduka ya hori yalikuwa yanauza vizuri, na uongozi ulitaka kuongeza manne. Mahali palipopendekezwa ni pale pale penye sinia la tisa, palipokaa bila kazi. Desemba, Bi Mwaija alinawa miguu, akaenda ofisini.

"Aliniamkia, akakaa, akaniambia anataka apewe sinia la tisa," anasema Ndugu Mohamedi. "Nikamwambia, Bi Mwaija, hilo si ndilo la chumvi? Akanijibu, 'Ndilo. Ndiyo maana nataka nilitengeneze mimi.' Sasa mtu wa namna hiyo utamwambia nini?"

Walikubaliana. Atalijenga upya, na mvua kubwa ya kwanza ya masika ndiyo itakayoamua. Meneja alisema wazi kwamba likikutwa dimbwi, hata la kuogea shomoro, maduka yatajengwa na kibarua chake kitakwisha. Lisipokutwa, na kijipira kikienda sawa, atakuwa msimamizi wa uwanja mzima, kazi ya kudumu, shilingi mia tatu na themanini kwa mwezi. Hapajawahi kuwa na mwanamke katika kazi hiyo.

Saa mbili asubuhi wanafika: meneja na mwavuli wake, Daktari Mikidadi na begi lake la fimbo, wahandisi wawili wa Kiswidi waliopanga hapa kwa wiki moja, na Bi Mina, ambaye safari hii ameyaacha maduka kwa hiari yake. Wauza duka nao wamesimama milangoni. Wao wana lao, maana nafasi mpya za maduka zimeshaahidiwa watu.

"Shikamoo, Bi Mwaija," anasema daktari.

"Marahaba, daktari. Safari hii umekuja na kijiko?"

Watu wanacheka, yeye hacheki. Anaburuza gunia juu ya mchanga kufuta nyayo zake, kisha anasogea kando na kukunja mikono. Meneja analizunguka sinia mara mbili. Anachutama. Anabonyeza mchanga kwa kidole hapa na pale. Mbali ya unyevu, hakuna kitu. Mvua ya usiku kucha imepita ikaenda zake horini.

"Maji hakuna," anasema meneja. "Tuone mpira."

Daktari anaweka kijipira hatua sita kutoka shimoni, anapima kwa jicho, anapiga. Kijipira kinakwenda vizuri, kimenyooka, halafu kinapokaribia shimo kinajikunja kushoto na kupita pembeni. Wauza duka wanaguna. Meneja anamtazama Bi Mwaija.

"Limepinda," anasema mmoja wa milangoni, kwa sauti ya kusikiwa.

Hapo ndipo alipoogopa, anakiri baadaye. Miaka sita yote ilikuwa imesimama juu ya kijipira kile. Lakini mdomo wake ulikuwa mtulivu.

"Halikupinda," anasema. "Limeinama, na nimeliinamisha mimi. Daktari, wewe umetazama shimo. Tazama maji yalikopita." Anaingia peku sehemu ya juu, anasimama kiasi cha shibiri moja kulia kwa shimo. "Piga huku nilipo mimi, kitarudi chenyewe."

"Nitakugonga mguu."

"Miguu hii imekaa kwenye chumvi miaka ishirini. Haitaumizwa na yai hilo."

Daktari anapiga. Kijipira kinagusa mdomo wa shimo na kupita. Anapiga tena, polepole zaidi. Safari hii kinaelekea kwenye mguu wa Bi Mwaija, kinasita, kinajipinda taratibu kuufuata mwinamo wake wa vidole viwili, kinazama.

Bi Mina ndiye wa kwanza kupiga kigelegele. Wahandisi nao wanataka kujaribu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anamuuliza Bi Mwaija kwanza, kwa ishara za mikono, apige wapi. Anawaonyesha kwa kidole cha mguu. Wauza duka wanarudi ndani kupanga vinyago vyao.

"Nimecheza gofu tangu nikiwa mwanafunzi," anasema Daktari Mikidadi. "Leo nimefundishwa na mtu ambaye hajawahi kushika fimbo."

Ofisini, meneja anatia saini na kuchukua barua amsomee, kama wanavyosomewa vibarua wote. Bi Mwaija ananyoosha mkono. Mwaka juzi alimaliza kisomo cha watu wazima, na barua yenye jina lake, anasema, ataisoma mwenyewe. Inamchukua muda. Anasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, na Ndugu Mohamedi anangoja mpaka nukta ya mwisho. Akifika kwenye neno "Msimamizi" anasimama, analirudia, kisha anapitisha upindo wa khanga machoni bila kuona haya mbele ya mtu.

Anasimama tena kwenye kifungu cha likizo. Mfanyakazi wa kudumu ana siku ishirini na nane kwa mwaka, na katika hizo, usiku mbili anaweza kulala hotelini kama mgeni, yeye na mtu mmoja wa nyumbani, bila malipo.

"Kama mgeni?" anauliza.

"Kama mgeni," anajibu meneja. "Chumba cha kutazama bahari, chakula, kila kitu."

Mumewe Kibwana, fundi baiskeli, ameshaambiwa angoje mwakani. Jioni hiyo hiyo Bi Mwaija anashuka basi Bagamoyo na kwenda moja kwa moja kwa mama yake, ambaye sasa ni mzee wa miaka sabini na kitu na majaruba ameshayaacha. Anamwekea barua mapajani, ingawa Bi Tatu hajui kusoma, na kumweleza mpango wake. Mwezi wa nane, upepo ukitulia, watakwenda likizo wote wawili. Watalala mpaka jua lipande, waletewe chai barazani, wapite madukani mama achague khanga anayoitaka, kisha waende uwanjani wakapige kijipira, maana miaka yote hii yeye mwenyewe hajakipiga hata kimoja.

Bi Tatu anaigeuza barua juu chini, chini juu. Amewahi kufika Ras Shungi mara moja tu, kumpelekea binti yake chakula, na mlinzi alimwelekeza kwenye lango la nyuma, la kuingizia kuni.

"Mwanangu," anauliza, "sasa sisi tutaingilia lango gani?"

"La mbele, mama."

"Na yule mlinzi?"

"Atakufungulia," anasema Bi Mwaija. "Nitakaa kimya, mama. Wewe ndiye utakayemwambia umekuja likizo."