Chokaa kwenye Makaburi ya Kamena

Papa Siméon alitumikia reli miaka thelathini na mmoja, na reli ilimfundisha mambo mawili: kupuliza filimbi na kupaka mawe chokaa. Kwenye gare yake, kituo kidogo cha njia ya Nyunzu, hata treni ilipopotea majuma mazima, mawe ya kando yalibaki meupe. Jiwe likishapakwa chokaa, kila mtu anajua hapo hapakanyagwi. Huo ndio ulinzi alioujua. Alipozeeka akarudi Kalemie, akapewa kazi ya kulinda rasi ya Kamena, akaenda na chokaa yake.

Kamena ni kilima kilichoingia ziwani, maji pande tatu, mwendo wa saa mbili kwa mguu kutoka mjini. Mti haukatwi pale, na nyani wanaijua sheria hiyo kuliko sisi. Chini ya miti kuna makaburi ya watu wa zamani sana. Mtaalamu mmoja alikuja akachimba kwa brashi na kijiko, akatuambia waliolala mle walikuwa wakifua chuma kabla babu za babu zetu hawajaliona ziwa hili. Alifungua kaburi moja tu. Mtu alilala amejikunja, vyungu vitatu kichwani, bangili ya shaba mkononi. Mtaalamu akachora, akapiga picha, akarudisha kila kitu na kufukia.

"Papa," alimwambia Siméon, "haya mengine yabaki hivi hivi."

Hivi hivi! Mtu wa reli ataachaje kitu hivi hivi? Wageni walikuwa wakikanyaga makaburi bila kujua, na yeye alikuwa akiumia kama wanamkanyaga mama yake. Basi akazungushia kila kaburi mawe, akayapaka chokaa, akaandika namba kwa rangi nyeusi, moja hadi kumi na tisa, kama mabehewa. Nami Immaculée, mwalimu wa darasa la sita, mwenye akili zangu zote, nikamchorea ramani. Kila mwaka nilipeleka wanafunzi wangu, tukasimama kimya mbele ya Namba Saba, kaburi lile la bangili. Nilivimba kichwa. Nakala ya ramani nilimpa kila aliyeomba.

Kisha ziwa likapanda. Sitaeleza sana, aliyekuwa Kalemie anajua. Maji yaliingia nyumbani kwa watu na hayakutoka, wakahamia milimani na magodoro yao. Mtu aliyepoteza nyumba husikia mengi, na kwetu kuna neno la siku nyingi, kwamba Wajerumani walipokimbia vita walifukia dhahabu kando ya ziwa, wakaacha alama kwenye mawe.

Siku moja saa nne asubuhi Papa Siméon alisimama mlangoni pa darasa langu, filimbi shingoni, suruali imejaa tope.

"Mama Mwalimu, kuja. Wanachimba."

Tulikuta watu kama thelathini, wanaume na wanawake, na majembe. Hawakuwa wamejificha. Walikuwa wamefuata namba kwa mpangilio, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na saba. Vigae vya vyungu vilitapakaa kila mahali. Mifupa walikuwa wameiweka pamoja chini ya mti na kuifunika kitenge, kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyonitia hasira zaidi. Ndani ya Namba Saba alisimama Blanchard, baba wa wanafunzi wangu wawili, ambaye nyumba yake ilikuwa imechukuliwa na maji.

"Blanchard! Hawa ni watu! Mumefanya nini?"

"Tunatafuta, Mama Mwalimu. Lakini hatuone kitu. Vyungu tu."

"Nani aliwaambia kuna dhahabu hapa?"

Alimtazama Siméon bila ubaya wowote. "Papa yeye mwenyewe njo alituonesha. Kama hakuna kitu, ile chokaa njo ya nini? Na zile namba?" Akatoa mfukoni karatasi iliyolowa jasho. Ilikuwa ramani yangu, mwandiko wangu.

Papa Siméon alikuwa ameshika filimbi apulize. Akaiachia. Sijawahi kuona mtu akizeeka mbele ya macho yangu, lakini siku ile niliona.

Tulifukia tulivyoweza, mifupa ya nani na ya nani hatukujua. Kisha akaanza kuondoa mawe. Aliyabeba moja moja mpaka ukingoni na kuyatupa ziwani, miezi minne, kifua kikimkohoza, hata makaburi mawili yaliyopona yakawa majani matupu. Nilimwambia apumzike, akainua jiwe lingine. Mimi nilichana ramani zangu, kazi ya dakika mbili.

Alipokuwa kitandani hawezi tena kuinuka, aliniita.

"Munizike kule juu Kamena. Lakini musinitie chokaa, Mama. Musiweke jiwe, musiweke musalaba. Mufunike na majani, muende."

Nikaapa. Tulimzika mimi na vijana wawili wa parokia, ambao baadaye walikwenda Manono kuchimba madini na hawakusikika tena. Nilikariri mahali penyewe kwa mti mmoja mkubwa wa mninga, hatua ishirini kuelekea maji.

Binti yake Viviane alifika kutoka Kongolo baada ya miezi mitano, kwa kuwa treni ilikwama Kabalo na mvua haikuisha. Alikuja na msalaba wa mbao alioupaka rangi nyeupe mwenyewe, jina la babake limeandikwa vizuri. Tulipanda kilima cha Kamena. Majani yalitufika kifuani, na mti wangu wa mninga ulikuwa umeanguka pamoja na kipande cha ukingo, ziwa limeumeza. Nilizunguka, nikahesabu hatua kutoka mahali ambapo hapakuwapo tena.

"Njo hapa, Mama Immaculée?"

"Njo hapa," nikasema, nikimwonyesha majani yaliyokuwa mbele yetu.

Nilimnyang'anya msalaba, nikamweleza kiapo. Akaniita muke mubaya, na sikumbishia. Kisha akapiga magoti, akakumbatia majani kwa mikono miwili, akamwita babake kwa sauti mpaka nyani wakanyamaza. Nilisimama nyuma yake na msalaba ule mikononi. Mtu pekee duniani aliyejua kaburi la Papa Siméon lilipo nilikuwa mimi, na sikulijua.