Ndugu Yangu Ananingoja Nijenge, na Kuna Kitu Nimemficha

Jina langu ficheni kabisa, hata herufi ya kwanza msiweke, kwa sababu huku Ndhiwa watu wakisikia tu kikohozi chako wanajua ni wewe. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, kifungua mimba kwetu. Nanunua samaki wa mbuta, yaani sangara, kisiwani Remba na kuuza Migori mjini. Shule niliachia darasa la saba, lakini mnisikize vizuri: nimekula Mwanza, nimelala Kampala, nimecheza densi Mombasa mpaka wazungu wakaomba niwafundishe. Kwa hivyo wewe unayejiandaa kunisahihisha Kiswahili huko chini, pita na njia yako. Sijakuitia hiyo.

Shida yangu iko hivi. Kwetu mdogo haruki mkubwa, akiruka ni laana. Kama mimi sijatoka kwa boma la baba nikaanzisha langu, ndugu yangu anayenifuata hawezi kuanzisha lake. Baba alishafariki. Huyo ndugu ana miaka arobaini na moja, ana bibi na watoto watano, na bado anaishi kwa simba. Si simba wa porini, ni ile nyumba ndogo ambayo kijana hujenga ndani ya boma la babake akianza kuota ndevu. Sasa mtoto wake mwenyewe ameota ndevu. Wote wamekwama, na mimi ndiye nimesimama mlangoni.

Sisi ni watu wa Sabato. Kila Januari kanisani tunaandika malengo ya mwaka kwa karatasi na kuyaombea. Mwaka juzi niliandika gorofa. Mwaka jana, gorofa na gari. Nyumbani nikipiga simu nawaambia mchoro uko kwa injinia. Injinia gani? Hata fundi wa choo sijaongea naye.

Mwaka huu mhubiri alitukasirikia. Akasema, "Mnamwandikia Mungu kama mnamtuma dukani! Andika kitu kimoja, kidogo, ambacho kisipofanyika utajua ni wewe mwenyewe umekataa." Hiyo maneno ilinishika shingo. Nilikaa na kalamu mpaka wenzangu wakaimba wimbo wa kufunga, ndiyo nikaandika: Nimwambie ndugu yangu ukweli.

Ukweli wenyewe ni huu. Mwanaume wa kwetu haanzishi boma peke yake kama mwizi. Anaenda na kijana wake wa kwanza amebeba jogoo, na bibi amebeba moto. Huna bibi, huna boma, hata uwe na simiti ya kujenga daraja. Na mimi sina bibi. Aliniacha miaka minne iliyopita, akaenda na watoto. Alisema amechoka kuolewa na mdomo. Leo ameolewa kwingine na hakuna anayejua kwetu. Nawaambia anachunga biashara kisiwani. Matanga ikitokea, nasema ana malaria. Huyo mwanamke nimemwambukiza malaria kuliko mbu wenyewe.

Basi Jumapili nikaenda nyumbani na samaki mkubwa, nimejipanga niseme. Nikamkuta ndugu yangu juu ya paa la simba yake, anaziba mahali panavuja. Hata kiti sijapewa.

"Owadwa," akaniita, yaani ndugu yangu, lakini kwa sauti ya kumwita mbwa. "Umekuja kujenga ama umekuja kuongea?"

"Nimekuja tuongee."

"Umeongea miaka kumi! Mimi nazeeka kwa nyumba ya kijana. Nikitaka kugombana na bibi yangu lazima ningoje watoto waende shule."

Bibi yake akatoa kichwa jikoni. "Karibu, shemeji. Gorofa umekuja nayo ama imebaki kwa simu?"

Watoto wakacheka. Wale watoto ninaowanunulia viatu! Mama akaangalia chini. Ukweli ulikuwa umefika kwa meno, wallahi, lakini damu ikapanda nikasikia mdomo yangu inasema yenyewe, "Wewe mtu wa kuziba paa na gunia usinifundishe kitu! Kabla ya mvua ndefu naanza. Gorofa tatu! Utakuja kuniomba kazi ya kubeba kokoto."

Akashuka pole pole, akasimama mbele yangu. "Sawa. Mvua ikianza kama hujaingia kwako na bibi yako na moto wake, nakuruka. Laana ikitaka kuja, ije. Na ukisikia nimekufa, usikanyage hapa."

Huyo ndiye nilimbeba mgongoni akiwa na surua mpaka zahanati, nikiwa mimi mwenyewe mtoto. Mama alianza kulia. Niliondoka bila hata maji.

Sasa rafiki yangu mmoja kisiwani anasema kuna mwanamke anaweza kuja siku moja tu, abebe moto, arudi, hakuna atakayejua. Nilimcheka. Lakini sijamwambia hapana, na hiyo ndiyo inanitisha, kwa sababu ile karatasi niliiombea kwa magoti yangu mawili. Na tena najua wazee wakiambiwa wazi kwamba sina bibi, wanaweza kukaa chini wampe ndugu yangu ruhusa anipite bila laana yoyote. Sentensi moja kutoka kwangu, mtu mzima na watoto watano wanatoka kwa simba. Mimi nitabaki yule kifungua mimba aliyepitwa, nikitajwa kila matanga mpaka yangu.

Wa kunitukana, tukaneni, ngozi yangu ni ya kiboko. Lakini mkimaliza mnijibu. Nimwite kando tukiwa wawili, ama nisimame mbele ya mama na hao watoto walionicheka? Na msiniambie niombe. Nimeomba, Mungu amenyamaza ananiangalia tu. Nyinyi nipeni sentensi ya kwanza. Nikifungua mdomo, nianze na neno gani?