Chupa ya Rika Langu

Mimi ni mtu wa maswali. Mama alizoea kusema kwamba nilipozaliwa nilimuuliza mkunga anaharakisha kwenda wapi. Kwa hiyo jioni ile tulipoitwa kwenye nyumba ya wakili mmoja kule Lavington, si mbali na chumba changu cha Gatina, kule Kawangware, alinionya njiani: "Leo ufunge huo mdomo. Ubebe sahani, uweke, urudi jikoni. Umenisikia?"

Nilimsikia, maana nilijua anatafuta nini. Tangu nipate akili, mama alikuwa mpishi wa busaa, pombe yetu ya unga, Mashimoni, kule Kibera. Alinilea kwa busaa, akanisomesha kwa busaa, hata cherehani yangu ilitoka kwenye busaa. Lakini miaka hiyo askari walikuwa wamezidi. Walikuja asubuhi, wakamwaga pipa lake mtaroni, na wakimkuta wanamchukua na yeye. Magoti yake yalikuwa yamechoka kukimbia. Ndipo mama mmoja wa kanisani akamwambia kwamba wakili anatafuta mpishi wa kudumu, na kwamba jioni hiyo ya wageni ndiyo ingekuwa mtihani wake. Akipita, anaachana na pombe. Mimi nilikwenda kumsaidia kubeba sahani.

Wageni hawakuwa wengi, watu wa suti na lulu shingoni, na si kula kulikowaleta. Walikuja kuonja mvinyo wa zamani kutoka Bordeaux, huko Ufaransa, ambao wakili alikuwa ameuhifadhi miaka na miaka kwenye chumba cha giza chini ya nyumba. Chupa tatu zilikuwa zimesimama jikoni tangu jana yake. "Nitaziita moja moja," alimwambia mama. "Usizifungue, nitafungua mwenyewe." Basi. Hakuongeza neno lingine.

Nilipeleka ya kwanza, nikabaki karibu na pazia kana kwamba nangoja sahani. Haki ya Mungu, sikuwa nimewahi kuona unywaji wa aina ile. Wakili alijimiminia kidogo, akazungusha glasi, akatia pua ndani, akaonja, ndipo akawapa wageni. Nao wakazungusha. Wakanusa. Mmoja akafumba macho akasema anasikia harufu ya ngozi ya kiatu, na wenzake wakaitikia kwa heshima, ati ndiyo, ngozi! Halafu wakatema. Katikati ya meza kulikuwa na ndoo ndogo inayong'aa, na watu wazima wanaojiheshimu walikuwa wakiiinamia kwa zamu.

Nikakimbilia jikoni. "Mama, wanatema!"

"Kwani ni chungu?"

"Wanausifu, halafu wanatema."

Mama aliweka mwiko chini, akanitazama kama mtu aliyeanza kupandwa na homa. Lakini nilipomwambia kwamba mwenye nyumba alionja kwanza mbele ya wageni, uso wake ukafunguka. "Basi ni watu kama sisi," alisema. Kwetu mwenye pombe ndiye huonja kwanza, mgeni aone kwamba hakuna sumu. Mama alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote, akiwa amesimama, funda moja tu, kisha kikombe kinakwenda kwa mteja.

Chupa ya pili ikaenda. Ya tatu ndiyo ilikuwa yenyewe, ile waliyoijia. Karatasi yake ilikuwa imeliwa na unyevu, lakini mwaka ulisomeka, nao ulikuwa mwaka niliozaliwa mimi.

"Ebu ona, huyu ni rika lako," mama alisema. Akaishika kwa mikono miwili, akaiinua kwenye taa. Hapo ndipo alipoona machicha. Yalikuwa yameketi chini, meusi, mazito, na juu yake mvinyo umebaki mwepesi.

Anayejua busaa ataelewa kilichompata mama. Busaa ikiachwa tu, uzito wote unazama. Ukimpa mgeni ya juu bila kukoroga, umempa maji na kujibakizia pombe, na mtaa mzima utaambiwa wewe ni mchoyo. "Maskini, huyu mzee angeaibika mbele ya wageni wake," alisema. Akaipindua chupa, akaizungusha polepole, akaigeuza tena, huku akiimba kwa sauti ya chini kama afanyavyo akikoroga pipa, mpaka machicha yote yakapanda na chupa ikawa rangi moja. Mimi niliipangusa vumbi, nikaipeleka nikiringa.

Wakili aliizibua, akawasha mshumaa, akaanza kumimina polepole kwenye jagi la kioo huku akichungulia shingo ya chupa kwenye mwanga. Mara mkono wake ukasimama. Ndani ya jagi kulikuwa na kitu kama maji ya bwawa la Silanga baada ya mvua.

"Nani ametikisa hii chupa?"

Mama alikuwa amefika mlangoni, anajipangusa mikono kwenye aproni, anatabasamu. Alidhani anaitwa ashukuriwe. "Ni mimi, baba. Ilikuwa imelala huko chini, nikakuamshia."

Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja mwenye shali akatueleza kwa upole kwamba machicha ya mvinyo huo hayanywewi. Chupa ilikuwa imesimamishwa tangu jana ili yatulie, mvinyo utolewe juu yake bila kuyagusa. Ukishatikiswa, basi.

"Onja kwanza, mzee," mama alimwambia wakili. "Hujaonja."

"Hauonjeki huu."

"Basi ngojeni uketi tena. Mmeungoja umri wote wa huyu mtoto wangu, itawashinda kungoja mpaka kesho?"

Bibi mwenye shali alibana kicheko. Wakili hakucheka. "Ipeleke ikamwagwe," alisema, akageukia wageni wake.

Jikoni mama hakumwaga. Aliurudisha mvinyo wa jagi ndani ya chupa. Kizibo chake kilikuwa kimevunjikavunjika, kwa hiyo akaokota gunzi la mahindi, akalichonga kwa kisu, akaziba nalo. Mke wa wakili alikuja na malipo ya siku, akaitazama chupa, akasema twende nayo tu. "Na hiyo kazi, tutakuita." Hakuna mtu Kawangware asiyejua maana ya tutakuita.

Nilikuwa na hasira ya kulia. Ningeweza kurudi nikatemee ile ndoo yao. Kwani huyo wakili alishindwa nini kusema tu, mama, usiitikise? Mama alitembea mpaka Gatina, chupa ameikumbatia, na mimi nikijua analilia kazi. Tulipoingia ndani ndipo akasema.

"Hata hawakuonja! Mtu anakataaje pombe bila kuonja? Wangeonja kwanza, halafu wakatae."

Akaisimamisha chupa pembeni mwa cherehani yangu. Asubuhi yake, Jumapili, hakwenda kanisani, maana angeulizwa habari za kazi. Nilipotaka kumalizia sketi ya mteja, alinikataza kukanyaga cherehani. "Utaiamsha," alisema. Ati sasa tumejifunza! Tukakaa tukiichungulia chupa kama wagonjwa wanaosubiri daktari, na kila nilipouliza kama imetulia alinijibu bado.

Mchana nilifungua mlango mwanga uingie. Nikaishika chupa nilivyomwona wakili akiishika, nikamimina kwenye kikombe cha bati, polepole, mpaka machicha yalipokaribia shingo, nikaacha. Ulitoka safi kiasi, si safi kabisa. Mama akanyoosha mkono achukue kikombe aonje, kama kawaida yake. Nikaupiga ule mkono.

"Leo wewe ni mgeni. Keti."

"Wee!"

"Keti, mama."

Akaketi kitandani. Nami nikamwonja rika langu. Kwanza niliupata ukakasi wa chai iliyochemshwa mno, nikataka kucheka. Hiki ndicho kilichofungiwa gizani miaka yote hiyo? Lakini nikaushikilia mdomoni, maana nilitaka kujua wale watu walikuwa wakingoja nini. Basi ukaja udongo uliolowa, zikaja zambarau zilizokauka, na mbali kabisa ikaja tumbaku ya babu yangu, ambayo sikuwa nimeifikiria tangu azikwe. Hata ile ngozi ya kiatu nilianza kuisadiki. Nikameza. Nikampa mama kikombe kwa mikono miwili.

Alikunywa taratibu, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Nikashindwa kuvumilia.

"Haya, ukoje?"

"Mvinyo uko sawa. Umezeeka, lakini nguvu bado zipo." Akakitazama kile kikombe. "Kumbe mtu akionjewa hujisikia hivi. Miaka yote nawaonjea watu, na sikujua nawapa nini."

Jumatatu alirudi Mashimoni, akaloweka unga. Wakili hakuita. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumtembelea, nikakuta nyumba imejaa wateja, pipa limekorogwa, naye ameshika kikombe cha kwanza. Kilikuwa kimeshafika karibu na mdomo aliponiona mlangoni. Akakishusha, akavuta kigoda kwa mguu, akakikalia, akaninyooshea kikombe mbele ya watu wote.

"Onja wewe," alisema. "Mimi nimeketi."