Nilimupunguzia Aristote miaka mitatu

Siku ya maandamano, watu wa Kabambare walinibeba kwenye mabega.

Miye Tambwe. Mwalimu wa darasa la sita, coach wa mupira, mutu wa miaka makumi ine na saba na mugongo unaouma. Walinibeba toka soko mupaka mbele ya ofisi ya territoire, ile ya wakubwa wa wilaya yetu, wanaimba jina langu.

Na miye niko kule juu, megafoni mukononi, ninalaani juge, hakimu wa Kasongo.

Kama mumoja wao angejua kile nilikuwa ninajua, wangeniangusha chini na kunikanyaga. Na wangekuwa na haki.

Nitawaelezea yote. Musinihurumie.

Dada yangu Louise iko na binti mumoja, Émérance. Mwaka haya mambo yalitokea alikuwa na miaka makumi mbili na mbili. Ni fundi wa kushona. Hasemi sana. Anakutazama tu kwa jicho, hachukue hata kipimo, na shati linakukaa vizuri.

Mwezi wa tatu mwaka juzi, saa tisa ya mchana, alikuwa anatoka shambani, beseni ya mihogo kichwani. Kwenye njia ya kushuka mutoni alikutana na Aristote.

Aristote alimubaka.

Sitasema zaidi ya pale. Yaliyobaki ni yake, si yangu ya kutembeza kwenye simu za watu.

Aristote alikuwa namba tisa wa ekipe yangu ya mupira. Mutoto wa Octave, yule mununuzi wa zahabu anayefanya kazi kwenye machimbo ya Salamabila na nyumba yake iko kwetu Kabambare. Kijana mwenye mbio, mwenye kucheka, kila mutu anamujua.

Émérance alisema jina lake siku ileile. Kwa mama yake, kwa muganga, kwa polisi. Mara tatu, jina lilelile, bila kubabaika.

Wazee wa upande wa Octave walikuja na mbuzi, tumalize mambo kifamilia. Louise aliwaacha wamalize kusema, halafu akafungua kamba ya yule mbuzi na kumupiga fimbo arudie alikotoka. Wale wazee walimufuata mbuzi wao mbio.

Kesi ikaenda tribinali ya Kasongo.

Wanaojua ile barabara wanajua. Mvua, matope, pikipiki inazama mupaka kwenye injini, munashuka, munasukuma, munapanda tena. Tulilala Lusangi. Siku ya pili, Émérance aliniuliza kitu kimoja tu: kama kule ndani atakaa karibu na Aristote. Nikamwambia hapana, nitakaa miye katikati.

Nilikaa katikati kweli. Ile ndiyo kazi peke yake niliyofanya vizuri siku ile.

Tulishangaa kuona wanatuingiza kwenye tribinali ya watoto. Louise aliuliza karani kama hatukukosea mulango. Hatukukosea.

Juge alikuwa mama mumoja wa miaka kama makumi ine, sauti ya pole. Avocat, wakili wa Octave, akasimama, akatoa karatasi ya kuzaliwa. Karatasi inasema Aristote iko na miaka kumi na saba. Mutoto. Na mutoto haingie mu sheria ya wakubwa.

Juge alisoma tarehe, kisha akatoa karatasi ipite kwetu, tuione. Ilipita kwa Louise, yeye hajui kusoma Kifaransa. Ikapita kwa Émérance, akaishika kidogo tu. Halafu ikafika kwangu.

Chini kabisa kulikuwa majina ya mashahidi wawili walioapa kwamba ile tarehe ni ya kweli.

La kwanza lilikuwa langu. Na saini yangu, ile yenye mukia murefu ninayoweka kwenye buletini za alama za watoto.

Acha niwaelezee ilitoka wapi.

Miaka mitatu mbele ya ile kesi, kulikuwa mashindano ya cadets, watoto wa chini ya miaka kumi na tano. Vijana wangu walikuwa wamekwisha kupita ile miaka. Aristote alikuwa na miaka kumi na saba kamili, ndevu zinaanza. Nikaenda kwa karani wa état civil, yule anayeandika vizazi, pamoja na rafiki mumoja, tukainua mukono, tukaapa kwamba iko na miaka kumi na ine. Karani aliandika kile tuliapa. Yeye angejua namna gani?

Nilifanya vile kwa vijana sita.

Hatukuita ile uongo. Tuliita "kupunguza miaka", kama vile mutu anapunguza suruali. Kila coach ninayemujua anafanya. Tulichukua kombe, nikapigwa picha, wazazi walichinja kuku.

Kwa hiyo pale mbele ya juge, Aristote hakuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa na makumi mbili, sawa na mutoto wangu Clovis. Walibatizwa siku moja, na padri mumoja. Miye mwenyewe nilisimama pale nimeshika mushumaa.

Juge alivua miwani, akatutazama sisi wote.

"Iko mutu humu ndani anayejua kama hii miaka haiko ya kweli? Kama iko, aseme sasa."

Nilifikiri gereza. Nilifikiri kazi yangu. Nilifikiri Clovis iko kwenye masomo, nani atamulipia. Vyote vilipita mu kichwa kwa mara moja, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na sura ya Émérance.

Nilitazama viatu vyangu.

Nilisikia Émérance anageuza kichwa upande wangu. Nilifikiri anatazama dirisha.

Basi juge akakata kesi kufuatana na karatasi aliyokuwa nayo. Alimukaripia Aristote kwa maneno makali, akamurudisha mu mikono ya baba yake, arudi shuleni, asimukaribie Émérance. Ikaisha.

Louise aliuliza, "Imeisha namna gani?"

Aristote alifika Kabambare mbele yetu. Baba yake alimuchukua mu jeep. Sisi tulipofika, tumejaa matope, rafiki zake walikuwa wanamuzungusha muji kwa pikipiki, honi zinalia. Walipita mbele ya nyumba ya dada yangu mara mbili. Émérance alikuwa kwenye mashini yake. Aliendelea kushona.

Muji ukawaka.

Wamama walifunga soko. Hakuna sombe, hakuna samaki, hakuna chumvi. Walisema, mutoto gani huyu ananyoa ndevu? Walisema juge amekula rushwa. Walisema sheria za watoto zimeandikwa na watu wasio na mabinti. Hata wachimbaji waliotoka Salamabila kuuza zahabu, watu wa Bukavu, watu wa Uvira, Wakristo na Waislamu, walisimama nao.

Wakatafuta mutu wa kusema. Wakanipa miye megafoni: mujomba wa binti, mwalimu, anajua Kifaransa.

Nikaichukua.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema niko mugonjwa. Lakini kelele ni pahali pazuri pa kujificha, na miye nilipiga kelele kuliko wote. Nilimuita yule mama juge muuza haki. Nilisema afukuzwe. Watu walilia, walipiga makofi, ndipo waliponibeba.

Kesho yake Octave alinikuta kwenye uwanja wa shule. Nilifikiri atanitukana. Alinishika mukono kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Coach, piga kelele, haina shida. Lazima wakuone uko nao. Miye ninajua weye ni mutu wetu."

Alisema bila kucheka, kama mutu anayeshukuru kweli. Akapanda jeep yake.

Sikurudi mu darasa. Niliwaacha watoto makumi sita wanaruka juu ya madawati, nikaenda mupaka kwa dada yangu, shati la kazi linanishika mugongoni kwa jasho.

Émérance alikuwa anashona. Nilikaa kwenye ndoo. Nikasema tu kwamba iko jambo.

"Ni ile karatasi?" akauliza. Muguu wake haukuacha kusukuma mashini.

Nikakubali kwa kichwa.

"Niliisoma, mujomba. Ilipita kwangu mbele ya kufika kwako."

Nilimuuliza kwa nini hakusema palepale. Ndipo alisimamisha mashini.

"Nilikuwa ninangoja useme weye. Ningesema miye, ungekana mbele ya juge, na ningebaki sina mujomba. Nikasema moyoni, leo haweza, atasema kesho. Halafu nikaona wamekubeba kwenye mabega. Nikafunga dirisha."

Wasomaji, nimepigwa mu maisha yangu. Sijapigwa vile.

Louise alikuwa nyuma ya mulango, alisikia yote. Alitoka, akanitazama kama vile unatazama mutu usiyemujua amekaa kwako, akarudi jikoni. Mupaka leo hajaniita kaka.

Émérance akakunja nguo aliyokuwa anashona, akaniambia nitafute pikipiki mbili, asubui tunaenda.

Tulipita kwanza kwa padri. Alifungua kitabu cha ubatizo, na majina yalikuwa pale, mumoja chini ya mwingine: Clovis, Aristote, mwaka uleule. Aliandika nakala, akatia muhuri, hakuniuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Kule Kasongo nilisema yote mbele ya parquet, waendesha mashitaka. Sikutaja Aristote peke yake, nilitaja vijana sita, karatasi sita. Waliandika, wakanipa nitie saini. Nilitia saini yangu yenye mukia murefu. Halafu wakanifunga siku ileile.

Mbele ya kunipeleka gerezani, nilipishana na yule mama juge kwenye korido. Maneno yangu ya megafoni yalikuwa yamefika Kasongo mbele yangu, watu walikuwa wameyatuma kwenye simu. Nilifikiri atapita. Alisimama.

"Nilikuuliza, mwalimu," akasema.

Akaenda kazi yake.

Aristote alikimbilia Salamabila, akajificha kwenye mashimo na wachimbaji. Hakumaliza wiki tatu. Wachimbaji wenyewe walimutoa na kumupeleka kwa polisi, hawakumupiga hata kofi. Walisema hata wao wameacha madada kwao.

Safari hii alihukumiwa kama mutu mukubwa. Miaka kumi. Émérance alikuwa ndani, alisikia mwenyewe. Wananiambia hakulia wala hakushangilia, aliomba tu warudie ile hesabu ya miaka, halafu akashukuru na kutoka.

Miye nilipata miezi minane kwa kuapa uongo, nikakaa sita. Sikukata rufaa. Ningekata namna gani?

Sasa sikilizeni hii, maana ndiyo inayonifanya niandike na hasira leo.

Nilipotoka gerezani nilifikiri watu watanikasirikia juu ya Émérance. Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimejitayarisha hata kupigwa mawe.

Hapana. Walinikasirikia juu ya wale vijana watano wengine.

Karatasi zao zimefutwa. Kombe limerudishwa. Mumoja alikuwa amechaguliwa aende kucheza mbali, wakamurudisha. Na wazazi wao ni walewale waliofunga soko. Walewale walioimba jina langu. Mama Rehema, aliyelia mupaka sauti ikakauka siku ya maandamano, alinikuta kisimani, akatema mate mbele ya miguu yangu. Akasema nimeharibia mutoto wake maisha juu ya mambo ya watu wengine.

Nikamuuliza: na siku mutoto wako atafanya kile Aristote alifanya, utataka juge asome miaka gani?

"Wangu haweza," akasema.

Octave pia alisema vile. Alisema mbele ya polisi, mbele ya padri, mbele ya juge. Wangu haweza.

Nikamwambia Octave alisema maneno yaleyale. Akabeba maji yake, akaenda.

Sikatae watu wakasirike. Kijana anabaka, anarudi na honi: kasirikeni, fungeni soko, andikeni kwa wakubwa mupaka kalamu ziishe. Na sheria ya watoto ni nzuri, iko kwa ajili ya watoto wa kweli. Lakini hakimu anakata kwa karatasi tunayomuletea sisi. Tukimuletea uongo, atatukatia uongo, na binti wa mutu ndiye ataulipa.

Na kama juge anauliza "nani anajua?", na weye unajua, usitazame viatu vyako.

Émérance iko Kasongo sasa, na mashini yake. Mwezi uliopita nilimutumia ujumbe, nikamuuliza kama ninaweza kuandika hii habari.

Siku ya ine akajibu: "Andika. Weka jina langu la kweli. Na lako pia."