Shemeji Aliponiuliza Kuhusu Pumzi

Nilitapika kwenye ndoo ya kupigia deki, katikati ya mechi, mbele ya ukumbi mzima.

Sikuwa nimelewa. Sikuwa mgonjwa. Na kabla hamjaanza kunong'onezana, mimba pia sikuwa nayo.

Nilitapika kwa sababu nilimwona mtu akitabasamu.

Tulieni niwaeleze, maana mtaani kila mtu ana habari yake kuhusu siku ile, na nyingi ni uzushi mtupu.

Mimi ni kinyozi. Ndiyo, mwanamke, na mashine zangu mwenyewe. Kibanda changu kimepakana na ukumbi wa pool, ukuta mmoja tu unatutenganisha, kwa hiyo kutwa nzima nasikia mipira ikigongana upande wa pili. Wateja wakipungua, navuka. Ndivyo nilivyoanza kucheza, na ndivyo nilivyopata jina. Ukumbini hakuna anayeniita vingine: Kinyozi.

Ukumbi wenyewe ni uchafu mtupu. Sinki limeziba kwa makohozi ya watu wazima wasio na haya. Mlango wa choo unafungwa kwa kamba ya kiatu. Kitambaa cha meza kina madoa ambayo ni afadhali usiulize yametoka wapi.

Lakini meza imesimama sawasawa, mpira hauvutwi upande wowote. Hilo tu ndilo lililokuwa likinirudisha.

Aliyenifundisha kushika fimbo ni shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, dada huyo ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki.

Shemeji ndiye alikuwa mfalme wa meza ile. Mtu wa maneno matamu. Ana tabia moja ya kunyonya meno, tsss, utadhani kuna kipande cha nyama kimenasa humo tangu mwaka juzi. Viganja vyake vina majimaji muda wote. Akikupa mkono unatamani kukimbilia sabuni.

Ila nilimheshimu. Nilimwita mwalimu, mbele za watu, kwa sauti.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa.

Kwenye pool, kufikiri kuna mahali pake. Ukiwa umesimama, fikiri utakavyo: mpira upi, shimo lipi, mweupe unaoupiga kwa fimbo ubaki wapi. Ukishainama, basi. Akili inyamaze. Kuanzia hapo ni jicho na mkono, na hao wawili hawataki msimamizi.

Wengine huhangaika miaka kulipata hilo. Mimi lilinijia lenyewe. Nikiinama, kichwa kinakuwa kimya kama chumba kilichozimwa redio. Nasikia tu "tok", mpira umeshaingia. Ukiniuliza nimefanyaje, sina jibu.

Siku moja mchana nikamfunga shemeji. Mara ya kwanza. Na mashahidi wamejaa hadi mlangoni.

Ukumbi ulilipuka. "Kinyoziii! Umemnyoa mfalme kipara!"

Shemeji akanikumbatia. Akanibusu kwenye paji la uso, pakabaki pameloana.

"Shemeji yangu, wewe ni moto wa kuotea mbali," akasema. Kisha akashusha sauti, kama mtu anayetaka kujifunza kitu. "Hivi pale unaposukuma fimbo, huwa unavuta pumzi au unaitoa?"

Nikacheka. "Hata sijui."

"Hujui?" Akanyonya meno. "Jichunguze basi. Kipaji kama hicho usikiache kiende hivihivi."

Akatabasamu. Kitabasamu kidogo, cha upande mmoja wa mdomo.

Mimi huyo, na ujinga wangu, nikamshukuru.

Mechi iliyofuata nikainama, na badala ya kimya nikakuta mkutano wa hadhara.

Navuta? Natoa? Nikivuta bega linapanda. Nikitoa mkono unalegea. Au nibane kabisa?

Nikabana. Nikapiga. Mpira mweupe ukatumbukia wenyewe, mpira niliokuwa naulenga haukuguswa hata kidogo.

Watu wakacheka. Nikajichekesha nao.

Shemeji akaja kunipoza. "Pole sana. Mimi naona ni kiwiko. Unajua kiwiko chako huwa kinatoka nje kidogo? Kichunguze."

Baada ya kiwiko likaja jicho: nalenga na la kulia au la kushoto? Baada ya jicho, kidole gumba.

Kila swali alilipaka asali kwanza. "Hakuna mwenye mkono laini kama wako, ila hebu niambie…" Na kila swali lilihamia kichwani mwangu na magodoro yake, likakataa kuondoka.

Ugonjwa ukavuka ukuta hadi kibandani. Nilikuwa nachonga ukingo wa nywele za bwana mmoja aliyekuwa anaenda kuposa. Kazi ninayoifanya hata nikiwa nasinzia. Ghafla nikajiuliza: hivi mkono wangu huwa naukunja vipi hapa?

Nilimtoa yule bwana na paji la uso lenye mlima na bonde.

"Dada, hiki ni nini?" akaniuliza, macho kwenye kioo.

Ilibidi nimnyoe upara. Akaenda kuposa anang'aa kama balbu.

Nikaanza kujichukia. Nikiuona mkono wangu mezani naona kitu cha kigeni, kama nyama niliyoazimwa. Huku shemeji anawaambia watu, "Anafikiri mno, maskini. Mwacheni apumzike." Na mimi, jamani, nilikuwa naona ana huruma.

Hapa niwaambie kidogo kuhusu dada.

Dada alikuwa dereva wa gari la shule. Si dereva wa kubahatisha. Alikuwa analirudisha kinyumenyume lile gari refu kwenye geti jembamba, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine anawatishia watoto wakae chini. Madereva wanaume walikuwa wanasimama kumtazama.

Akaolewa. Muda si mrefu akaligonga geti. Kisha gari likamzimikia njia panda, watoto wanalia, honi zinapigwa kila upande. Akarudisha funguo mwenyewe kwa mwalimu mkuu, akasema hawezi tena.

Tulisema ndoa imemtuliza. Wengine walisema ni macho. Hakuna aliyejiuliza nani alikuwa anakaa kiti cha pembeni yake jioni gari likirudi.

Basi, ikafika Jumapili ya kumchagua mtu mmoja atakayeuwakilisha ukumbi wetu kwenye mashindano ya mji. Mimi na shemeji ndio tuliobaki. Msiniulize nilifikaje, wale niliokutana nao walikuwa wabovu kuliko mimi.

Dada alikuja siku hiyo. Nikashangaa, maana ukumbi ule ulikuwa unamtia kinyaa tangu zamani. Akaja na binti yake, ambaye alikuwa na kamba yake ya kuruka. Wakakaa karibu na mlango, penye hewa.

Tukagawana gemu. Ikabaki moja ya kuamua. Mwenye ukumbi akaomba dakika chache afute meza, kuna mlevi alikuwa ameimwagia kinywaji.

Mtoto akatoka barazani kuruka kamba.

Jamani, yule mtoto alikuwa anaruka! Kamba huioni, unasikia tu sauti yake hewani. Anaimba, anaruka, anazunguka, nywele zinamrukaruka kichwani. Hata wazee wa bao waliacha bao lao.

Shemeji alikuwa ameegemea mlango, anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Akamtazama binti yake kwa muda. Akatema kipande cha kitu chini.

"Mama," akamwita kwa upole. "Unaruka vizuri sana wewe. Hakuna mtoto anayekushinda. Hivi huwa unaanza na mguu upi?"

Mtoto akasimama. Akaiangalia miguu yake.

"Sijui, baba."

"Hujui? Hebu angalia."

Akaanza tena. Kamba ikamnasa. Akaanza na kulia, ikamnasa. Akaanza na kushoto, akaanguka, goti likachubuka. Akainuka, midomo inamcheza, macho yameganda kwenye vidole vya miguu.

"Baba, siwezi tena!"

Ndipo nikakiona. Kitabasamu kile kile. Cha upande mmoja wa mdomo. Ulimi ukapita taratibu juu ya meno, tsss, kama mtu aliyeshiba.

Pumzi. Kiwiko. Jicho. Geti la shule. Njia panda.

Vyote vikanipanda kooni kwa mkupuo mmoja. Ndoo ya deki ilikuwa karibu, namshukuru Mungu kwa hilo.

Nilitapika hadi machozi yakanitoka. Nilikuwa natapika ule mkono wake uliolowa, lile busu la kwenye paji, na kila "asante mwalimu" niliyowahi kumpa.

"Aisee, Kinyozi, ahirisha tu," mwenye ukumbi akaniambia.

"Panga mipira," nikasema.

Gemu ikaanza. Sitawachosha. Tulikimbizana hadi ukabaki mpira mweusi peke yake, ule wa kumalizia, na zamu ilikuwa yangu. Haukuwa mpira mgumu. Ila mipira mingine ya hivyo hivyo nilikuwa nimeikosa kwa miezi.

Nikainama.

"Pole kwa kutapika, shemeji," sauti ikaja kutoka nyuma, laini kama mafuta yaliyoganda. "Umejitahidi mno. Sasa angalia tu ile pumzi."

Na kweli, kichwani wote wakasimama. Pumzi huyu hapa. Kiwiko naye. Jicho la kulia linagombana na la kushoto.

Nilikuwa nimejaribu kuwafukuza miezi yote hiyo. Ukimfukuza mmoja anarudi na ndugu zake. Safari hii sikumfukuza mtu.

Mnajua kibandani kuna wateja wa aina gani? Kuna anayeongea tangu anakaa hadi anasimama. Siasa, mpira, mke wake, mgongo wake. Humnyamazishi. Unasema "eeh", "kumbe", "kweli kabisa", na mashine inaendelea na kazi. Akiondoka hukumbuki hata neno.

Nikawafanyia hivyo hivyo.

Navuta au natoa? Eeh. Kiwiko kimetoka nje. Kumbe. Utakosa, watakucheka. Kweli kabisa, kaka.

Wakaendelea kupiga kelele, lakini kwa mbali, kama nyumba ya jirani. Mbele yangu ulibaki mpira mweusi na shimo.

Tok.

Sikuuona ukiingia. Nilijua kwa kelele za watu.

Shemeji akanyoosha mkono wake. Nikautazama ule mkono. Nikachukua kitambaa changu, nikafuta fimbo, nikaiweka mezani, nikatoka nje.

Dada alikuwa anamfunga mtoto goti kwa leso. Nikachuchumaa pembeni yake, nikamnong'oneza.

"Dada, kuna jambo. Yale maswali ya mumeo… gari lako… si wewe uliyeshindwa, dada. Ni yeye."

Nilitegemea atashtuka. Atalia. Atanibishia.

Dada akakaza fundo la leso.

"Najua," akasema.

"Unajua? Tangu lini?"

"Siku nyingi. Kwanza alinifanyia mimi. Sasa anamfanyia huyu. Jinsi anavyoshika kalamu, anavyosoma kwa sauti, hata anavyocheka. Sikumwambia mtu, maana ningesemaje? Kwamba mume wangu ananisifia kisha ananiuliza swali? Ungenielewa? Wewe unayemwita mwalimu?"



Kisha wazo likanijia. Ukumbi anaouchukia. Siku ya mechi. Mtoto na kamba yake.

"Dada. Kwa nini umemleta mtoto leo?"

Hakunitazama.

"Nilitaka mtu mmoja aone kwa macho yake."

"Ulijua atamfanyia?"

"Hajawahi kumwacha anapofanya kitu vizuri." Akampangusa mtoto vumbi. "Nisamehe. Ningekueleza kwa mdomo, ungesema nina wivu na kipaji chako."

Sijui nilihisi nini. Nilimchukia kwa dakika nzima, dada yangu aliyenilea. Kisha nikambeba mtoto mgongoni, nikamwambia, "Twendeni kwangu."

Akaja. Dada hajarudi kwa mumewe mpaka leo ninapoandika haya. Wanalala chumbani kwangu, mimi nimehamia sebuleni na mbu wangu. Usuluhishi umeshafanyika mara kadhaa, na kila mara shemeji anawauliza wazee kwa upole, "Jamani, nimemtukana? Nimempiga?" Wazee wanatazamana. Mimi nikimsikia akinyonya meno natoka nje kutema mate.

Mashindano ya mji nilikwenda, nikatolewa raundi ya pili na mama mmoja muuza mitumba. Alinifunga kihalali na hakuniuliza chochote.

Mtoto yuko salama. Anacheka, anakula, anagombana nami kwa ajili ya rimoti. Ila akitaka kushuka ngazi, bado anasimama kwanza na kuiangalia miguu yake.

Kwa hiyo wewe unayesoma: kuna mtu hatakuvunja kwa tusi wala kwa ngumi. Atakusifia kwanza. Kisha atakuuliza swali dogo kuhusu kitu unachokifanya vizuri bila kufikiri. Si kila swali linastahili jibu lako. Sema "eeh", piga mpira wako, na mkono wake usiupokee.