Aliyekufa Ampe Mwenzake Kiti

Juzi nilikuwa kwa dada yangu Lanet, nikamkuta mwanawe amenuna mbele ya skrini. Mchezo alioungoja mwaka mzima, ule wa kupigana risasi na watu wa mbali kupitia intaneti, umebaki mtupu. "Auntie, ulipotoka ulikuwa umejaa watu. Saa hii nangoja mpaka chai inapoa na hakuna mtu anaingia." Akanieleza mengi kuhusu ramani na silaha. Nilimsikiliza tu. Mchezo wa aina hiyo, rafiki yangu, niliuona ukifa kabla hata yeye hajazaliwa, na ramani hazikuhusika.

Mwaka wa 2007 tuliishi Nakuru mjini, nyuma ya maduka ya vitambaa. Jirani yetu, Mhindi aliyeuza vitambaa kama babake, aligeuza stoo yake kuwa cyber, chumba cha kukodisha kompyuta: mashine nane, nyaya zimetambaa sakafuni, feni yenye kelele kuliko kompyuta zote. Chumba kilinuka vitambaa vipya na chips za mlango wa pili. Intaneti ilijikokota, kwa hivyo alipoleta mchezo wa risasi likizo ya Agosti, tulicheza sisi kwa sisi humo humo, mashine kwa mashine. Mkewe alikuwa anataka stoo yake irudi. Jirani hakutuficha: "Viti vikijaa, chumba ni chenu. Vikikaa bure, mama anarudisha nguo." Sisi hatukuwa na pengine pa kukutana. Nyumbani kulikuwa na mchele wa kuchagua mawe, na shosho, nyanya yetu, aliyempa kazi yeyote aliyeonekana amekaa.

Sheria ya kucheza hatukupewa na mtu. Tuliitoa kwenye meza ya pool iliyokuwa kando ya barabara, ambako mshindi hubaki na aliyeshindwa huweka fimbo chini. Kwetu ikawa hivi: ukifa, unasimama, unampa kiti wa kwanza kwenye foleni. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Hakuna aliyejua chochote, kila mtu alikufa ovyo, viti vikazunguka. Foleni ilifika hadi dukani, nasi tukikemewa tusiguse vitambaa kwa mikono yenye mafuta.

Kisha wengine wakajua. Aliyejua kuliko wote alikuwa kijana wa bucha, mtoto wa mwenye bucha ya pale kona. Alikuwa na tabia ya kupiga mluzi kidogo kabla hajakuua, na bado ananikera nikimkumbuka. Akishakaa, hakuinuka mpaka babake atume mtu kumwita.

Aliyejua kidogo kuliko wote alikuwa mwenzangu wa deski, mvulana aliyekuja kwa miguu kutoka Kaptembwo. Angengoja foleni nzima, akae, afe kabla hajaishika mausi vizuri. Anacheka, anasimama, anarudi nyuma. Hakuna aliyeupenda mchezo ule kama yeye. Siku moja hakurudi. Nilipomuuliza darasani alinijibu bila kinyongo, "Nitembee hiyo yote ndio nikae dakika moja? Wacha nicheze boli mtaani."

Wakaondoka hivyo, mmoja mmoja, wakianza wasiojua. Foleni ikafupika, na nakwambia tulifurahi, tukaona tumepata nafasi. Foleni ilipokwisha, sisi wa katikati ndio tukawa wa kuuawa kila siku, na baadhi yetu nao wakachoka. Viti vikaanza kukaa bure.

Jirani aliona mapema. "Unanifukuzia customer," alimwambia kijana wa bucha. "Mimi nauza viti, siuzi risasi. Mtu akikufa, akae hapo hapo, aanze tena."

"Boss, mtu akidedi anatoka. Akikaa, sasa kushinda ni ya nini?"

"Na kushinda viti tupu ni ya nini?"

Kijana hakulegeza kamba. Ilibidi Desemba ifike, amebaki na watu wawili wa kuua nao wakimkwepa, ndipo alipokuja mwenyewe akasema sawa, yaishe. Tukakubaliana kwamba Januari kila mtu atakaa na kiti chake, afe asife, na wageni watacheza peke yao kwanza. Mimi nikapewa kazi ya kumrudisha mwenzangu wa deski. "Mwambie nitamfunza kujificha," akasema kijana wa bucha, na kwa mara ya kwanza nikampenda. Shule zilikuwa zimefungwa, nikaona hakuna haraka. Nitamwambia tukifungua.

Unaijua Januari ile ya vita vya baada ya uchaguzi, sina haja ya kukusimulia moshi wala barabara zilizozibwa. Tulikaa ndani tukila maharagwe, na shosho akawa anaizima redio kila tukiiwasha. Maduka yalipofunguliwa, jirani aliwasha kompyuta zote nane. Tulikuja watatu. Kijana wa bucha alicheza bila mluzi, akituacha tumpige, ili angalau tusiondoke.

Shuleni, mwalimu aliita jina la mwenzangu asubuhi baada ya asubuhi, kisha akaacha. Tulisikia kwamba kwao walilala kwenye hema uwanja wa maonyesho, halafu wakapanda lori kwenda kwa kina babu yake, mahali ambapo yeye hakuwahi kufika. Wengi wa ile foleni walienda hivyo, kila mmoja upande wake.

Jirani alivumilia wiki kadhaa, kisha marobota ya vitambaa yakarudi stoo. Hakumlaumu mtu. Wanaokumbuka cyber ile husema iliuawa na vita, nami huwa nakataa. Tulikuwa tumeimaliza wenyewe Novemba, na bado ingefufuka, kwa sababu wote tuliowafukuza walikuwa hapo hapo mjini, mtu angeenda tu kuwaita.

Niliahidi kwenda. Mpaka leo nina ujumbe wa watu, na sijui niupeleke wapi: njoo, kiti ni chako, hata ukifa hutasimama.