Kalamu Mbili za Drafti

Baba yangu alikuwa na adui mmoja tu duniani, na alimpenda kuliko ndugu zake. Alikuwa mzee jirani yetu. Shamba lake la migomba limepakana na letu hapa Isingiro. Kila siku baada ya kazi walikaa barazani kwetu wakicheza drafti kwa vizibo vya soda. Huyu alimwita mwenzake mwizi wa kete, na mwenzake akamjibu kwamba mwizi humjua mwizi mwenziwe. Walibishana mpaka chai ikapoa.

Mzee yule alipofariki, baba aliifungia drafti chumbani. Kigoda cha marehemu kikabaki pale pale barazani, na ikawa marufuku mtu kukikalia. Nilikikalia siku moja kwa kusahau, nikatolewa jicho ambalo sikulipata hata nilipofeli hesabu.

Miezi ikapita, baba akawa mtu wa kuitikia salamu tu. Sahani anaiacha nusu. Buni za kahawa zimeiva shambani, yeye anaziangalia tu. Niseme wazi, niliogopa kwamba atamfuata mwenzake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mtu mzima, na napenda gemu. Wanaonicheka wameshachoka. Ninayo gemu ya mkononi, kioo katikati na vitufe pembeni, niliyoinunua nikiwa chuoni badala ya kununua viatu. Ndani yake mna drafti, nikaona dawa ndiyo hiyo. Vitufe vya upande wa kulia vilishakufa, kwa hiyo ilibaki kucheza kwa kugusa kioo. Nikampa baba sabuni, akanawa, nikamfuta vidole kwa taulo mpaka vikakauka kabisa, maana kioo changu nakitunza. Akagusa kete. Haikwenda. Akagusa tena, akakandamiza, mpaka nikahofia kitapasuka. Jembe la miaka yote ile limemwachia vidole vigumu kama gome.

"Haka kadude kananidharau," akasema, akanirudishia.

Jumamosi nikapanda bodaboda hadi Nkwenda kutafuta kalamu ya kugusia kioo. Mama wa duka la vifaa vya simu alinipa moja yenye ncha ya plastiki ngumu, akaniapia inafaa. Nilipofika nyumbani haikusogeza hata kete moja. Jumamosi iliyofuata nikamrudia, akanipa vile visoksi vya vidole wanavyovaa wacheza gemu. Baba alinawa, akafutwa, akavalishwa.

"Mwanangu, soksi mkononi? Na kofia nivae mguuni?"

Alicheka kidogo, lakini kioo hakikuitikia. Nilirudi dukani nimefura. Yule mama naye hakuwa na makuu.

"Pole, mwalimu. Nitakuagizia Bukoba ya ncha laini, ya mpira. Ila ni pakiti, zinakuja mbili. Subiri wiki."

"Mbili za nini? Mzee wangu ni mmoja."

"Nyingine utaandikia ubaoni," akasema, tukacheka wote.

Katikati ya wiki hiyo baba alikuwa anakamua juisi ya ndizi. Kwetu ni kazi ya wanaume: ndizi mbivu zinapondwa pamoja na nyasi kwa mikono mpaka zitoe maji. Nilifurahi kuona ameshika kazi, nikaketi karibu naye na gemu yangu. Nilikuwa nawaza nisogeze kete ipi, mara mkono unaochuruzika juisi ukapita mbele ya uso wangu.

"Kula hiyo, unangoja nini?"

Nikapiga kelele. Lakini kete ilikuwa imekwenda. Imeruka, imekula mbili.

"Waitu!" akashangaa baba, akakiangalia kidole chake.

Hapo ndipo nilipoona ujinga wangu. Kioo kilitaka kidole chenye unyevu kidogo, na mimi na usafi wangu wa kiualimu nilikuwa namkausha mzee kila nilipompa gemu. Tangu siku hiyo aliweka bakuli la maji pembeni, anachovya ncha ya kidole, anacheza. Kwa siku mbili alikuwa na furaha. Siku ya tatu akaiweka chini.

"Kanajua kucheza," akasema. "Ila ukikafunga kananyamaza. Ukikaibia hakaibiki. Hakabishi."

Jumamosi nikaenda kuchukua zile kalamu kwa sababu tu zilishaagizwa. Nyumbani nilimkuta baba barazani, nikamwamkia, nikampa pakiti. Akazitoa zote mbili, akazijaribu moja baada ya nyingine, kete zikatii. Akauliza kama watu wawili wanaweza kucheza humo bila ile mashine kuingilia. Nikamwambia wanaweza.

Akashika kalamu moja kila mkono. Kisha akaninyooshea moja.

"Kaa."

Nikatafuta pa kukaa. Nikaanza kuvuta mkeka.

"Siyo huko," akasema, akakisogeza kigoda cha marehemu kwa mguu mpaka kikagusa goti langu.

Niliketi machozi yakinilenga. Alinifunga mara tatu mfululizo, na mara zote tatu nilimwita mwizi, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye migomba ya jirani.